Soma Ubavu wa Tairi Kwanza

Tulikuwa tumeipita Mikumi tukielekea Iringa, jua la saa nane limewaka juu ya lami, na pikapu yetu ya Land Cruiser inavuta tela la jenereta. Kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni, tairi la nyuma la kushoto likapasuka. Tela likayumba mara mbili. Dereva alishikilia usukani, hakukanyaga breki kwa nguvu, na tukasimama kando salama. Nikashuka kulitazama. Ubavu ulikuwa umechanika karibu mzunguko mzima, nyuzi ziko nje, lakini kashata zilikuwa nzima na ndefu. Nilikuwa nimelinunua miezi minne kabla, kama tairi jipya.

Tulifunga spea, tukaenda polepole hadi kwa fundi pancha. Alilowesha kidole, akafuta vumbi karibu na herufi DOT, akanionyesha tarakimu nne: 1815.

"Bosi, hili ni la wiki ya 18, mwaka 2015. Leo tuko 2023."

Mpira huzeeka hata kama haujatembea kilomita moja. Hewa, joto na jua huukausha, ukaanza kuachana na waya za ndani. Tarakimu hizo mara nyingi huandikwa ubavu mmoja tu, kwa hiyo zisome kabla tairi halijafungwa. Huenda upande wenye tarehe ukatazama ndani.

Kwa mwenye kuvuta tela, namba ya uzito nayo haikwepeki. Huandikwa baada ya saizi. Tairi lenye 112 hubeba kilo 1,120. Lenye 121 hubeba 1,450. Kwa matairi mawili ya nyuma, tofauti ni kilo 660, zaidi ya magunia sita ya mahindi ya kilo 100. Tela la tani mbili lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano kwa takriban kilo 200, na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, magurudumu ya nyuma hubeba zaidi ya hapo. Ongeza mizigo ya kwenye bodi na abiria. Tairi la gari dogo linaweza kuingia vizuri kwenye rimu ile ile, tena kwa bei ya kuvutia, lakini kazi hii si yake. Tafuta lenye herufi LT au C.

Sasa kashata. Vijana wengi wanapenda zile kubwa za matope, na kweli zinapendeza. Ila kwa gari linaloshinda kwenye lami na mzigo nyuma, huisha haraka, tena kwa mabonde. Mwenye safari za lami zaidi achague kashata zilizokaribiana. Anayeingia vijijini kila wiki achukue za barabara zote.

Halafu upepo, ambao ndio unaoua matairi mengi mazuri. Ile namba ya uzito ni ya kweli pale tu tairi lina upepo wake kamili. Ukipungua, ubavu hukunjika na kunyooka kila mzunguko, joto linapanda, na tairi linapikika kutoka ndani. Kulipiga teke hakupimi chochote. Nunua geji yako, pima asubuhi gari halijatembea, fuata kibao kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na usitoe upepo njiani kwa sababu tu tairi limepata moto. Matairi ya tela nayo yapimwe vivyo hivyo. Inaniuma kuona tela linafungwa matairi yaliyokwisha kutolewa kwenye gari, kana kwamba lenyewe halibebi kitu.

Niliporudi nyumbani nililala chini ya bodi na tochi ya simu. Ile spea iliyotufikisha kwa fundi ilikuwa imerudishwa mahali pake, imejaa tope kavu. Niliifuta kwa kitambaa mpaka namba zikatokea: 0911.