Leseni ya Fundi Umeme na Kazi Inayobaki Ndani ya Ukuta

Nchini Tanzania, kufunga umeme ndani ya jengo la mtu kwa malipo ni shughuli inayohitaji leseni. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeiweka katika orodha moja na kuzalisha, kusafirisha na kusambaza umeme. Kwa hiyo fundi anayetandaza nyaya katika nyumba ya vyumba vitatu Kibaha na kampuni inayoendesha mtambo wa gesi wote huomba ruhusa mlango mmoja, kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Leseni hiyo haimhusu mtu anayebadili globu iliyoungua chumbani kwake. Inahusu mfumo wa kudumu: nyaya zinazopita ukutani na darini, bodi ya breka, swichi, soketi na ethi.

Mpaka wa kazi yenyewe uko kwenye mita. Nguzo, waya unaoshuka kutoka nguzoni na mita ya LUKU ni mali ya shirika la umeme, TANESCO, na fundi wa nje haruhusiwi kuvigusa hata kama mteja anamsihi. Kuanzia mita kuingia ndani, kila kitu ni cha mwenye nyumba, kwa gharama yake na kwa hatari yake. Huku ndani shirika la umeme halina mafundi wake wa kutandaza nyaya, na hapa ndipo fundi mwenye leseni anapohitajika.

Kanuni za wayaringi ambazo mafundi wa Afrika Mashariki wamefundishwa zina asili ya Uingereza, ambako wahandisi walichapisha kanuni za kwanza mwaka 1882. Leo zinajulikana kama BS 7671. Ndiyo maana plagi ya pini tatu ya ampia 13 inayotumika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni ileile ya London. Sheria nazo zilianza katika ukoloni. Tanganyika ilikuwa na sheria yake ya umeme, iliyodumu hadi ilipofutwa na ile ya 2008. EWURA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, na jambo la maana katika mpango huo ni kwamba anayetoa leseni kwa fundi si yule anayemuuzia mteja umeme.

Zipo fani nyingi ambazo mteja anaweza kuihukumu kazi kwa macho. Mlango ukifungwa upogo unaonekana, na paa likivuja mvua ya kwanza inasema. Wayaringi ikikamilika hufukiwa kwa plasta na kupakwa rangi, kisha taa zinawaka, na kwa mwenye nyumba kuwaka kwa taa ndiyo dalili pekee kwamba kazi ni njema. Dalili hiyo haitoshi hata kidogo.

Mfano wake ni swichi. Kati ya nyaya mbili zinazokwenda kwenye taa, mmoja ni laivu na mwingine ni nyutro, na swichi inapaswa kukata laivu. Fundi asiyejua, au mwenye haraka, akiifunga kwenye nyutro, taa itawaka na kuzimika kama kawaida, na mteja atalipa akiwa ameridhika. Lakini hata swichi ikizimwa, holda ya taa bado ina volti 230. Inaweza kupita miaka mitano kabla mtu hajapanda juu ya kiti kubadili globu, akiwa amezima swichi kama alivyofundishwa tangu utotoni, na ndipo kosa la fundi aliyekwisha kulipwa zamani linapomfikia.

Breka haimwokoi mtu huyo. Breka ya ampia 32 imewekwa ili waya usipate moto kupita kiasi ukaunguza nyumba, na kwa kazi hiyo inafaa sana. Kifaa kinachomlinda binadamu ni kile mafundi wanachokiita RCD, na kwa kawaida huchaguliwa kile kinachokata umeme mara unapovuja mkondo wa milliampia 30. Globu ya wati 60 peke yake hupitisha karibu mara tisa ya kiasi hicho. Kifaa hicho nacho kinategemea kufungwa vizuri, na ethi iwe ethi kweli, yaani fimbo iliyozamishwa ardhini na kuunganishwa kwa waya usiokatika njiani. Nyumba ambayo waya wake wa kijani na njano umeishia nyuma ya soketi bila kwenda popote haina ethi, japokuwa soketi zake zote zina matundu matatu.

Mafunzo ndiyo mwanzo wa safari ya kupata leseni. Wengi hupitia vyuo vya VETA au vyuo vingine vilivyosajiliwa, ambako fani ya umeme wa majumbani husomwa kwa ngazi na kuishia kwenye cheti cha ufundi stadi. Waliosoma zamani wana vyeti vya majaribio ya ufundi vya daraja la tatu hadi la kwanza. Wengine hutoka na stashahada kutoka taasisi kama Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na wengine ni wahandisi wa shahada. Cheti kinaonyesha kwamba mtu amesoma, lakini hakimpi ruhusa ya kuingia kwenye nyumba ya mtu na kufunga umeme kwa jina lake mwenyewe. Baada ya cheti unahitajika uzoefu wa kazi chini ya mwenye leseni, kisha maombi EWURA, ambayo siku hizi hupelekwa kwa mtandao kupitia mfumo wa LOIS pamoja na vyeti na ushahidi wa uzoefu huo.

Leseni hupangwa kwa madaraja yanayotambulishwa kwa herufi. Daraja A ndilo la juu kabisa, na mwenye nalo anaweza kushika kazi ya msongo wowote. Kadiri herufi zinavyoshuka kuelekea D, ndivyo msongo na ukubwa wa kazi unavyopungua, hadi kufikia umeme wa kawaida wa nyumbani. Kwa hiyo kuuliza tu kama fundi ana leseni hakutoshi. Fundi wa daraja la chini anayefunga mashine ya kusaga ya fezi tatu amevuka ruhusa yake, na kwa kazi hiyo hana tofauti na asiye na leseni. Kampuni inayotaka kandarasi kubwa ina mlango mwingine wa kupita, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wahandisi wake husajiliwa na bodi yao wenyewe.

Zanzibar haimo katika mpango huu. Ina shirika lake la umeme, ZECO, na mdhibiti wake, ZURA. Kenya inafuata Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, na mdhibiti ni EPRA, ambaye huwahoji waombaji kabla ya kuwapa leseni. Madaraja ya fundi wa stima huko huanzia C2, la kazi ndogo, hupanda C1, B na A2, na kufika A1. Kenya imewatenga pia mafundi wa sola kwa madaraja ya T1 hadi T3, kuanzia mfumo mdogo wa paneli moja hadi ule uliounganishwa na gridi. Uamuzi huo ni wa busara, kwa sababu paneli na betri zina hatari zake: umeme wake ni wa mkondo mnyoofu, na paneli haiwezi kuzimwa jua likiwa linawaka.

Mahali ambapo sheria inakutana na mwananchi wa kawaida ni kwenye ombi la kuunganishiwa umeme. Ombi hilo, liwe la karatasi au kupitia mfumo wa NIKONEKT wa TANESCO, hudai uthibitisho wa fundi mwenye leseni kwamba wayaringi imekamilika na inafaa, kwa mchoro wake, saini yake na muhuri wake. Mchoro unaonyesha bodi iko wapi, taa ngapi, soketi ngapi na zimegawanywa vipi kwenye breka. Saini inasema kwamba fundi huyo amepima na kuridhika.

Upimaji huo ndio moyo wa kazi nzima, ingawa ndio unaorukwa zaidi. Kabla umeme haujaingia, fundi huchukua mega, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zisizo na mzigo, kuona kama umeme unapenya kutoka waya hadi waya au kutoka waya hadi ethi. Kwa kanuni za BS 7671, kipimo kisishuke chini ya megaomu moja. Kikishuka, pengine msumari wa dari umetoboa waya, au unyevu umeingia kwenye boksi lililofungwa kabla plasta haijakauka. Kisha hupimwa kama waya wa ethi umefika kila soketi bila kukatika, na kama kila swichi imekata laivu. Lile kosa la nyutro lingenaswa hapa, kwa dakika chache tu, kabla mtu yeyote hajahamia. Katika nyumba ndogo kazi yote hii haimalizi hata asubuhi moja, na fundi anayesema haina haja amekwisha kujieleza.

Tatizo linalojulikana mitaani kote ni vishoka: watu wanaofunga umeme bila leseni, na mara nyingine wanaojifanya watumishi wa shirika. Wapo kati yao walio wajuzi wa mikono, waliojifunza kazi miaka mingi nyuma ya fundi mkubwa, na haitakuwa haki kusema kila kazi yao ni mbovu. Udhaifu wao ni kwamba kazi ikiharibika hakuna jina la kushika wala ofisi ya kwenda kulalamika, na hakuna leseni ya kunyang'anya. Kufanya kazi hiyo bila leseni ni kosa kisheria, lakini sheria huwa inagundua baada ya nyumba kuungua.

Baya kuliko hilo ni muhuri wa kukodi. Kishoka anatandaza nyaya, kisha anamtafuta mwenye leseni ampe muhuri kwa malipo kidogo. Aliyepiga muhuri hajaiona nyumba, hajashika mega, wala hajui kama swichi zimekata laivu au nyutro. Karatasi inakwenda ikiwa safi, mita inafungwa, na kila anayeitazama baadaye anaamini kwamba kazi ilipimwa. Kwa namna hii mwenye leseni anaweza kuwa hatari kuliko kishoka, kwa sababu amempa mteja utulivu usio na msingi. Akigundulika, leseni yake inaweza kusimamishwa au kufutwa, na inapaswa kuwa hivyo.

Lazima isemwe pia kwamba watu hawaendi kwa vishoka kwa kupenda hatari. Umeme wa vijijini, unaosukumwa na Wakala wa Nishati Vijijini, umefika kwa bei ya kuunganishwa ya shilingi 27,000, lakini wayaringi ya nyumba hugharimu zaidi ya hapo mara nyingi, na fundi mwenye leseni anaweza kuwa mjini wilayani, safari ya nusu siku kwa basi. Kwa nyumba ndogo lilipatikana suluhisho zuri: UMETA, yaani Umeme Tayari, boksi lililokwisha kutengenezwa kiwandani likiwa na soketi, swichi na kinga yake, ambalo huondoa haja ya kutandaza nyaya nyingi.

Si nchi zote zinazotumia leseni. Uingereza yenyewe, kanuni hizi zilikotoka, haina leseni ya kitaifa ya fundi umeme wa majumbani. Tangu Januari 2005, kazi kubwa za umeme katika makazi ya England na Wales zimebidi ziarifiwe kwa serikali ya mtaa, au zifanywe na fundi aliyesajiliwa katika mpango unaotambuliwa, kama NICEIC, ambaye hujithibitishia kazi yake mwenyewe. Marekani kila jimbo lina njia yake: Texas ilianza leseni ya jimbo zima mwaka 2004, wakati Illinois imewaachia miji yake, na Chicago ina utaratibu wake. Katika njia hizi zote kinachorudi ni kilekile: mtu mwenye jina anatia saini kwamba amepima, na mtu mwingine ana mamlaka ya kumwuliza.

Mwenye nyumba anayetaka kuajiri fundi ana haki ya kuona leseni kabla ya kulipa chochote. Atazame jina, alinganishe na kitambulisho cha aliyesimama mbele yake, asome daraja na tarehe ya mwisho, kisha, akiwa na shaka, aulize EWURA. Kazi ikiisha, adai kuwepo wakati wa kupima na abaki na nakala ya mchoro na ya vipimo. Nakala hizo humsaidia fundi atakayekuja miaka kumi baadaye kujua waya umepita wapi kabla hajatoboa ukuta. Fundi akikataa kurekebisha kasoro, malalamiko hupelekwa EWURA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji lililo chini ya sheria ya mamlaka hiyo.

Sehemu ambayo haina ulinzi wa kutosha ni maisha ya nyumba baada ya mita kufungwa. England, tangu mwaka 2020, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuipimisha wayaringi angalau kila miaka mitano. Kwa nyumba nyingi za Tanzania, ukaguzi wa siku ya kuunganishwa ndio wa kwanza na wa mwisho. Baadaye huongezwa jiko la umeme, kiyoyozi na vyumba vya uani vya kupangisha, vyote vikining'inia kwenye waya uliokadiriwa kwa taa na redio. Nyongeza kama hizo nazo ni kazi ya kufunga umeme, na leseni inahitajika kwazo vilevile kama kwa nyumba mpya.