Je, Wajua? Unavyojihakikishia kwamba uko sahihi

Je, wajua kwamba namba tatu tu zinatosha kumwumbua mtu mwenye akili timamu? Mwaka 1960, jijini London, mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu 2, 4, 6 na kuwaambia: namba hizi zinafuata kanuni fulani, nitajieni tatu nyingine, nami nitasema kama zinaifuata au la, mpaka muigundue. Wengi walitaja namba kama 8, 10, 12. Sawa. 20, 22, 24. Sawa. Wakatangaza kwa kujiamini: zinaongezeka kwa mbili mbili. Wamekosa! Kanuni ilikuwa nyepesi kuliko hiyo: namba zozote, ili mradi kila moja iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Kati ya watu 29, ni 6 tu walioipata bila kukosea kwanza. Waliobaki hawakupungukiwa akili. Tatizo lao ni kwamba hawakutaja namba walizotegemea zikataliwe, kama 1, 2, 9. Walitafuta kuambiwa “sawa”, wakaambiwa.

Je, wajua kwamba kusikia jambo mara nyingi hulifanya lionekane kweli? Mwaka 1977 watafiti wa Marekani waliwasomea wanafunzi wa chuo sentensi nyingi, mara tatu, kila baada ya wiki mbili. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, za kweli na za uongo vilevile. Ndiyo maana tangazo la sabuni halichoki.

Je, wajua kwamba kisa kizuri kuliko vyote kuhusu kujihakikishia kwamba uko sahihi kilitokea Tanzania, na kilianzia kwenye aiskrimu? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yalichemshwa na kutiwa sukari, kisha yalitakiwa kupoa kabla ya kuingizwa kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akayatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akaiita hiyo fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likapata utani wa kumtania nao kila alipokosea.

Siku moja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda shuleni hapo kuzungumza. Mpemba akasimama na swali lake lilelile, wenzake wakacheka. Osborne naye hakuamini, lakini alifanya jambo ambalo walimu wawili hawakulifanya: alirudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu: kweli, maji ya moto yameganda kwanza. Akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate jibu sahihi! Tusimcheke sana. Ndivyo tunavyofanya wengi wetu, ila yeye alilisema wazi.

Mpemba na Osborne waliandika makala pamoja mwaka 1969, na jina la Mpemba likaingia kwenye vitabu vya fizikia. Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya na hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikikaa sentimita moja tu juu au chini ya mahali pake, kinaweza kuleta matokeo ya bandia. Ubishi unaendelea. Kwa maoni yangu heshima ya Mpemba haikupungua hata chembe: alileta dai linaloweza kupimwa, na hadi leo watu wanalipima.

Je, wajua kwamba Wazande, wanaoishi kaskazini mwa Kongo na Sudan Kusini, walikuwa na utaratibu wa kukagua jibu la ramli? Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi nao kati ya 1926 na 1930, alieleza jinsi kuku alivyonyweshwa sumu iitwayo benge huku akiulizwa swali: kama fulani ni mchawi, kuku afe. Jibu moja halikutosha. Kuku wa pili aliulizwa kwa kugeuza: kama benge imesema kweli, kuku huyu apone. Wakifa wote wawili, au wakipona wote, hukumu ni batili. Hapo Wazande walimpita mtu wa 8, 10, 12. Walipokwama ni penginepo: ramli ikishindwa kabisa, palikuwa na visingizio tele. Sumu imeharibika, mwiko umevunjwa, mchawi ameingilia. Benge yenyewe haikushukiwa kamwe.

Wapo pia waliojiwekea kinga dhidi ya mtego huu. Mwanasayansi Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra katika karne ya 10, aliandika kitabu kizima cha kumtilia shaka Ptolemy, mwanafalaki wa kale, na ndani yake akamtaka msomaji ajishuku yeye mwenyewe pia. Charles Darwin alikuwa na njia ya kalamu na karatasi: kila alipokutana na jambo linalopinga nadharia yake aliliandika papo hapo, kwa kuwa aligundua kwamba hayo ndiyo husahaulika upesi.

Je, wajua kwamba watu wawili wanaweza kuchungulia darubini moja na kila mmoja akaona ameshinda? Machi 1870 John Hampden, aliyeamini dunia ni bapa, aliweka dau la pauni 500 kwamba hakuna atakayethibitisha kinyume. Mwanasayansi Alfred Russel Wallace akalipokea. Kwenye mfereji ulionyooka wa Old Bedford, Uingereza, aliweka alama zenye kimo kimoja kutoka majini, na ile ya katikati ikaonekana juu ya nyingine, kama inavyotarajiwa kwenye dunia ya mviringo. Msimamizi wa upande wa Hampden alichungulia, akashangilia: dunia ni bapa! Mwamuzi akampa Wallace ushindi. Hampden alimwandama kwa matusi kwa miaka mingi, hata akafungwa kwa kashfa.

Na zipu ya suruali yako, unajua inavyofunga? Mwaka 2002 Rozenblit na Keil, wa chuo kikuu cha Yale, waliwauliza watu jinsi wanavyoelewa zipu, kufuli, na choo cha kuvuta maji. Walijipa alama nzuri. Walipotakiwa kueleza hatua kwa hatua, walijishusha wenyewe. Msomaji, chukua karatasi ujaribu na zipu. Ukimaliza salama, jaribu na jambo ulilobishania wiki iliyopita.