Korona ilipobana, nafuu ya mkopo ilibidi iombwe

KWA mfanyabiashara wa mahindi na mbaazi mjini Babati, Mei ni mwezi wa kuanza kutafuta mtaji wa msimu. Mei 2020 ugonjwa wa korona ulimkuta katikati ya matayarisho hayo. Masoko ya Tanzania hayakufungwa, lakini madereva wa malori walikwama mpakani Namanga wakisubiri vipimo, na wenye mikopo wakaanza kuhesabu siku za marejesho.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilitunga sheria. Ilitiwa saini Aprili 25, 2020 na kushusha kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 3 hadi 1. VAT nayo ilishushwa mwezi huo kutoka asilimia 16 hadi 14, ikarudi 16 Januari 1, 2021.

Nchini Tanzania nafuu ilikuja zaidi kupitia Benki Kuu (BoT), iliyotangaza hatua zake Mei 12, 2020. Sehemu ya amana ambayo benki hulazimika kuweka BoT ilipunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6 kuanzia Juni 8, ili zibaki na fedha zaidi za kukopesha. Hayo mkulima wa mpunga wa Magugu hakuyaona kwa macho. Alichokiona ni kikomo cha miamala ya simu kwa siku, kilichopanda kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5. Mnunuzi mwenye malipo ya milioni 4 hakulazimika tena kungoja kesho, wala kupanda basi na bulungutu la noti.

Kipengele kizito zaidi kilihusu mikopo. Benki na taasisi za fedha zilitakiwa kuzungumza na wakopaji walioathirika na kufikiria kupanga upya marejesho, kila mmoja kwa hali yake. Haukuwa msamaha wa jumla. Aliyekaa nyumbani akisubiri redio itangaze nafuu, deni lake liliendelea kwa masharti yale yale. Aliyefika tawini kabla ya kukosa rejesho, daftari la mauzo mkononi, angalau alikuwa na la kuonyesha. (Wangapi huweka daftari hilo ni habari nyingine.)

Muuza nyanya aliyekopa VICOBA, au kwa jirani, hakuguswa na agizo hilo. Kwake nafuu ilitegemea kikao cha wanachama wenzake, ambao nao walikuwa sokoni hapo hapo wakingoja wateja.