Tiba ya Njiani, kutoka Pittsburgh hadi Sengerema

Katika miji mingi ya Marekani, mpaka katikati ya miaka ya 1960, mtu aliyezimia barabarani aliweza kuchukuliwa na gari la mzishi, kwa kuwa mara nyingi ndilo gari pekee mjini ambalo mtu aliweza kulazwa ndani yake akanyooka. Na mwenye gari hilo alikuwa na hakika ya kupata ijara yake, mgonjwa akifika hospitali au asifike. Katika mji wa Pittsburgh kazi hiyo ilikuwa ya polisi, waliompakia majeruhi nyuma ya gari lao la kubebea wahalifu, wakaketi mbele, na yule maskini akabaki peke yake na roho yake.

Asili ya kuwachukua majeruhi kwa gari maalumu ni ya zamani zaidi, maana Dominique-Jean Larrey, tabibu wa jeshi la Napoleon, alibuni katika miaka ya 1790 magari mepesi ya farasi ya kuwaondoa majeruhi vita vikali vikiendelea, akaweka na kanuni kwamba atangulizwe aliye katika hatari kubwa, pasipo kutazama cheo. Lakini kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu baada yake watu walishughulika na mwendo wa gari kuliko elimu ya aliyeketi ndani yake.

Aliyeigeuza fikra hiyo huko Pittsburgh ni Peter Safar, daktari mzaliwa wa Vienna, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa amethibitisha kwamba pumzi ya mtu, ikipulizwa kinywani mwa mwenziwe, yatosha kumhifadhi hai. Mwaka wa 1966 binti yake alifariki kwa pumu; na mwaka uliofuata, akishirikiana na jumuiya ya Freedom House katika mtaa wa Hill District, wenye Wamarekani weusi wengi na ufakiri mwingi, alianza kuwafundisha vijana ambao wakubwa wa mji walikwisha kuwahesabu kuwa hawafai kuajiriwa. Walisomeshwa kwa saa 300 hivi namna ya kufungua njia ya pumzi, kuzuia damu, kuzalisha na kumhudumia mwenye maradhi ya moyo. Na baadaye, chini ya daktari Nancy Caroline, mafunzo yao yakawa kigezo cha taifa zima. Mwaka wa 1975 baladia iliufunga utumishi huo, ikaanzisha wa kwake, na wengi wa wale waliotangulia wakasukumwa pembeni: dhuluma ambayo yastahili kutajwa kila inaposifiwa fani hii ya tiba ya njiani.

Sababu ya elimu kuushinda mwendo imo katika mwili wenyewe. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6, na kila dakika ipitayo bila moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza tamaa ya kupona kwa kiasi cha asilimia 7 hadi 10. Hakuna gari, hata lipewe barabara zote za Dar es Salaam peke yake, liwezalo kushindana na hesabu hiyo. Bali mtu aliye karibu, akibonyeza kwa nguvu katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, aweza kuuchelewesha uharibifu mpaka msaada ufike.

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua naye aweza kufa kwa muda wa saa 2. Kwa ajili yake na mtoto mchanga, Tanzania imeanzisha mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza upande wa Sengerema, kisha ukaenezwa nchini. Anayepiga simu namba 115, bila malipo, huulizwa maswali kwa utaratibu na mhudumu aliyefunzwa, ambaye huamua mgonjwa apelekwe wapi. Na gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa hapo kijijini, aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Na mgonjwa akihitaji kuongezwa damu, jirani zetu wa Rwanda, tangu 2016, huipeleka hospitalini kwa ndege zisizo na rubani.

Serikali zetu zikiuliza fedha ijayo itumiwe wapi, jawabu langu ni hili: kabla ya kununua gari jingine, wafundisheni madereva hao wa vijijini, pamoja na waendesha bodaboda ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika penye ajali, kuzuia damu na kubonyeza kifua.