Fedha kwa Duka Kubwa, Deni kwa Mangi

Ndugu msomaji, leo twataka kukuonyesha daftari. Si daftari la mtoto wa shule, bali lile lililochakaa pembeni, likaalo chini ya meza ya duka la jirani yako. Ndani yake mna jina lako, au la mkeo, au la mtoto uliyemtuma jana jioni: sukari nusu kilo, chumvi, mche wa sabuni, viberiti viwili, mafuta ya kula ya kupima. Kila mstari una tarehe yake. Mwenye duka huyo hakukuomba hati ya nyumba wala mdhamini. Alikuuliza tu, “Utalipa lini?” nawe ukajibu, “Mwisho wa mwezi, Mangi.”

Basi mwisho wa mwezi umefika, na mshahara umeingia. Waenda wapi kwanza? Tusidanganyane. Wengi wetu hupanda daladala mpaka katikati ya mji, tukaingia katika duka kubwa lenye milango ya vioo, tukasukuma kigari, tukajaza mchele wa kilo kumi, mafuta ya lita tano, dawa ya meno, na vitu viwili vitatu ambavyo hatukuvifikiria tulipotoka nyumbani. Tukalipa fedha taslimu pale pale. Tukirudi mtaani, Mangi twampa nusu ya deni lake, na kwa nusu iliyobaki twampa maneno mazuri.

(Wasomaji wetu walio mbali wapate kujua kwamba Mangi kwa Wachaga ni cheo cha mtawala, lakini mijini limekuwa jina la kila mwenye duka la mtaa, hata akiwa Mkinga.)

Hatusemi haya ili kukuaibisha. Twasema kwa sababu kila mara watu wa mji wanapobishana juu ya maduka makubwa yenye matawi na maduka madogo ya watu binafsi, husahau kwamba wanaoamua shauri hilo si madiwani wala matajiri peke yao. Huamuliwa na mama mwenye kikapu, tarehe 30 ya mwezi.

KWA NINI BEI HAZILINGANI

Wako wasemao kwamba mwenye duka dogo ni mroho, ndiyo maana bei yake ni ya juu. Hebu tutazame kwanza anavyonunua. Yeye huamka alfajiri akaenda kwa muuza jumla, na fedha mkononi. Muuza jumla naye alinunua kwa wakala, na wakala alinunua kiwandani, na kila mmoja amekwisha kujitolea sehemu yake. Kisha kuna nauli ya bajaji au guta, na kodi ya chumba cha duka, na umeme. Mwisho anauza robo kilo, nusu kilo, na vipimo vya kijiko, ambavyo humwagika na kupungua. Faida yake katika mfuko mmoja wa sukari ni kidogo kuliko udhanivyo.

Kampuni yenye matawi arobaini haifanyi hivyo. Yenyewe huenda moja kwa moja kiwandani ikasema, “Tuletee malori kumi, nasi tutalipa baada ya siku 60,” au siku 90. Kiwanda hukubali, maana malori kumi ni malori kumi. Bidhaa zafika, zapangwa, na baada ya wiki mbili zimekwisha kuuzwa kwa fedha taslimu. Hesabu sasa: kwa siku arobaini na zaidi kampuni hiyo yakaa na fedha ambazo kwa haki ni za mwenye kiwanda. Kwa fedha hizo yaweza kufungua tawi jingine, na tawi hilo laagiza malori mengine kwa deni.

Umeona jambo hili, ndugu msomaji? Duka lile la vioo nalo lina daftari lake. Laishi kwa mkopo kama wewe uishivyo kwa mkopo wa Mangi. Tofauti ni kwamba mkopeshaji wake ni mkulima wa mboga, mwenye ng'ombe wa maziwa, mwoka mikate na kiwanda cha sabuni. Mambo yakienda vizuri kila mtu hupata bei nafuu. Lakini yakienda vibaya?

WALIOANZA NA MAGODORO

Twende Nakuru, katika nchi ya Kenya, mji wa Bonde la Ufa uliopewa hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021. Hakuna mji mwingine katika Afrika Mashariki ufaao zaidi kwa somo hili, maana makampuni makubwa ya maduka ya Kenya yalizaliwa pale na katika mji mdogo wa Rongai ulio jirani. Nakumatt, ambalo jina lake lilijulikana mpaka Kampala na Kigali, lilianza kama duka la magodoro la ukoo wa Shah, na jina lenyewe ni Nakuru na godoro kwa Kiingereza, yakikatwa na kuunganishwa. Tuskys liliandikishwa kwa jina la Tusker Mattresses, magodoro tena! Mwanzilishi wake Joram Kamau alikuwa mtu wa duka dogo huko huko Rongai. Naivas lilianzishwa na Peter Mukuha Kago, naye wa Rongai, mwaka 1990. Ndiyo sababu hata leo msafiri hukuta Kenya maduka mengi ambayo jina lake huishia na “mat” au “matt”, hata kama hayauzi godoro hata moja.

Twalisema hili kwa makusudi. Watu wengi huzungumza kana kwamba duka dogo ni aina moja ya kiumbe na duka la matawi ni aina nyingine, kama mbuzi na fisi. Lakini wale wakubwa wa Nakuru walikuwa jana tu wakisimama nyuma ya meza, wakipima kwa mizani, wakiandika madeni kwa penseli. Ukifunga mlango ili duka dogo lisikue kamwe, umemfunga pia Mangi na wanawe.

Sasa tazama mwisho wao. Nakumatt lilipanda likawa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu, kwa kuwa wenye viwanda walichoka kungoja malipo wakaacha kuleta bidhaa. Mwezi Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi za Kenya bilioni 30, na matawi sita ya mwisho yakachukuliwa na Naivas. Tuskys nalo, katika mwaka huo wa 2020 na mwaka uliofuata, lilifunga matawi yake moja baada ya jingine kwa ugonjwa ule ule. Naivas ndilo lililosimama, nalo leo lina matawi zaidi ya 100.

Nasi wa Tanzania tusicheke, maana tumeona yetu. Nakumatt lilifungua Moshi mwaka 2011. Mwaka 2014 Shoprite la Afrika Kusini liliuza maduka yake matatu ya Dar es Salaam na Arusha kwa Nakumatt hilo hilo, na wote tukadhani sasa mambo yametulia. Uchumi, kampuni iliyoanzishwa Kenya mwaka 1975 kwa msaada wa Serikali, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwezi Oktoba 2015. Nakumatt likaondoka. Mwaka 2022 kampuni ya duka la Game, lililokuwa Mlimani City, ikaamua kuondoka nayo. Waliokuwa wakilia kwamba makampuni ya kigeni yatamaliza wauza duka wa mtaa waliona makampuni yenyewe yanakwisha, na Mangi yupo pale pale chini ya taa yake, saa nne za usiku.

Lakini usishangilie upesi. Duka kubwa lianguka na wengi. Mbele ya mlango wake alikuwapo mama wa ndizi, na fundi wa viatu, na vijana wa bodaboda, na duka la dawa, na kibanda cha simu. Wote waliishi kwa miguu ya watu waliokuja kwa ajili ya lile duka. Mlango ukifungwa, miguu hiyo yaenda kwingine. Mwenye jengo abaki na ukumbi mkubwa usio na mpangaji. Katikati ya Nairobi kumbi za namna hii zimekatwakatwa kwa mbao na vioo, zikawa vibanda vingi vidogo vya nguo, viatu na simu, kila kimoja upana wa kitanda. Ni ajabu kwamba mahali alipotoka mkubwa mmoja wameingia wadogo wengi! Wengine wasema ni jambo jema. Nasi twakubali kwa sehemu, ila mama aliyekuwa akiuza sukumawiki kwa kampuni ile, na hajalipwa mpaka leo, hakupewa kibanda.

HAKI KWA PANDE ZOTE MBILI

Yafaa tuseme pia mema ya duka kubwa, kwa maana yapo. Bei imeandikwa, mtoto aweza kutumwa asiibiwe. Tarehe ya mwisho ya kutumia yaonekana. Hakuna bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Vijana wengi wamepata hapo kazi yao ya kwanza yenye hati ya mshahara. Na mizani ya Mangi, tuseme kweli, si kila siku yasema kweli. Na kuna maziwa yaliyokaa juani ambayo hayafai kumpa mtoto.

Kwa upande wa pili, hakuna duka la vioo litakalokuuzia kijiko cha majani ya chai saa tatu za usiku, wala litakaloona kwamba leo mtoto wako amekuja akilia, likamwuliza kuna nini. Mtu apataye fedha yake kwa siku hawezi kununua mafuta ya lita tano, hata kama lita tano ni nafuu. Kwake yeye nafuu hiyo haipo. Duka la kupima likifa katika mtaa, wa kwanza kuumia ni huyo, wala si wewe mwenye mshahara.

Serikali zimejaribu kushika mizani. Kenya ilirekebisha Sheria yake ya Ushindani mwishoni mwa mwaka 2019, ili mnunuzi mkubwa asimwonee muuzaji mdogo, kwa mfano kwa kumcheleweshea malipo bila sababu. Haikubaki karatasi tu. Mtengenezaji mmoja wa mtindi alipeleka mashtaka dhidi ya kampuni iendeshayo maduka ya Carrefour huko Kenya, kwa ajili ya makato aliyotozwa, akashinda. Na mwezi Aprili 2021 baraza la rufani likathibitisha. Tanzania ilishika njia nyingine: mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, mojawapo ikiwa ya jumla na rejareja. Lakini supamaketi ziliachwa nje ya katazo hilo. Yaani Mangi alilindwa na mgeni mwenye duka kama lake, wala si na mgeni mwenye duka kubwa kuliko lake. Kati ya njia hizi mbili sisi twapenda ile ya kwanza, maana yauliza mtu ametenda nini, haiulizi ametoka wapi.

Halmashauri za miji nazo zina neno. Zikiruhusu jengo kubwa katikati ya mji, zaweza kuagiza kwamba upande wa barabara uwe na vyumba vidogo vya kupangisha, na mahali pa mama wa mboga penye paa na maji. Hili halina gharama kubwa likifanywa katika ramani. Likifanywa baada ya jengo kukamilika, huwa ni mgambo na ndizi zilizomwagwa.

LORI MOJA LA UNGA

Lakini jambo tulipendalo kuliko yote lipo mikononi mwa wenye maduka wenyewe. Mwaka 1898 wauza duka 21 wa mji wa Berlin, Ujerumani, walichoka kununua ghali kila mtu peke yake, wakafanya chama cha ushirika cha kununulia bidhaa pamoja. Kutokana na herufi za kwanza za jina la chama chao likatoka jina Edeka, na leo Edeka ndiyo yauza vyakula kuliko kampuni nyingine yoyote katika Ujerumani, na maduka yake mengi yangali mali ya wenye duka wenyewe.

Tufanye hesabu kwa mtaa wako. Robota moja la unga lina pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Lori la tani kumi lachukua marobota 416. Maduka arobaini, kila moja likichukua marobota kumi, yamemaliza marobota 400. Maduka arobaini ni mengi? Toka nje uhesabu, kuanzia kituo cha daladala mpaka kwenye daraja. Kisha umwulize Mangi, siku utakapokwenda kumlipa ile nusu iliyobaki, kwa nini hawajaagiza lori hilo. Atakuambia fedha zipo, na dereva yupo. Shida yao, atasema, ni nani atakayeshika ufunguo wa ghala.