Ugawaji wa Diski Kuu Baada ya Usakinishaji wa Mfumo: Kinga na Mipaka Yake

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo huandika tasnifu yake kwenye tarakilishi, na humo pia huhifadhi rekodi za mahojiano ya nyanjani na mashairi ambayo hayajachapishwa popote. Mara nyingi hazina hiyo yote hukaa mahali pamoja na mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayoiwezesha tarakilishi kufanya kazi. Mfumo huo ukiharibika na fundi akalazimika kuusakinisha upya, sura tatu za tasnifu huweza kufutika kwa alasiri moja. Makala haya yanaeleza jinsi ya kugawa diski kuu ambayo tayari ina mfumo wa Windows, faida ya kufanya hivyo, na mipaka ya faida hiyo.

Dhana ya Ugawaji

Kugawa diski ni kuitenga katika sehemu mbili au zaidi, kila moja ikishughulikiwa na mfumo kana kwamba ni diski kamili. Mfano wake ni chumba kilichowekewa kizigeu: sakafu ni ile ile na paa ni lile lile, lakini anayefagia upande mmoja hagusi vyombo vya upande wa pili. Kila sehemu hupewa herufi. Herufi A na B zilitengewa diski laini za zamani, ndiyo sababu sehemu yenye mfumo kwa kawaida huitwa C.

Windows XP ya mwaka 2001 haikuwa na chombo chake chenyewe cha kupunguza sehemu hiyo. Ilibidi kutafuta programu ya ziada, au kufuta kila kitu na kuanza upya. Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, ilileta uwezo huo, nao umebaki katika matoleo yaliyofuata.

Maandalizi

Tahadhari kabla ya hatari. Kwanza, faili zote muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha chache zifunguliwe humo ili kuthibitisha kwamba zinasomeka. Pili, takataka zifutwe na diski ikaguliwe makosa. Tatu, ikiwa diski imesimbwa, ufunguo wa kuirejesha uandikwe na kuwekwa mbali na tarakilishi. Nne, tarakilishi iunganishwe na umeme, kwani kuzimika katikati ya kazi huweza kuharibu data.

Hatua za Kugawa

Mtumiaji hufungua chombo cha kusimamia diski kwa kuandika diskmgmt.msc katika kisanduku cha kutafutia. Diski iliyouzwa kuwa ya GB 500 huonekana hapo kuwa ya GB 465 hivi. Hakuna aliyeiba: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024.

Kisha hubofya C kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua amri ya kupunguza. Kiasi kinachoombwa huandikwa kwa MB. Anayetaka GB 200 huandika 204,800. Wakati mwingine chombo hukataa kutoa kiasi hicho hata pale nafasi tupu inapoonekana kuwa tele. Sababu ni kwamba baadhi ya faili za mfumo, kama ile ya kumbukumbu ya ziada, hazihamishiki wakati mfumo unatumika, nazo huziba njia.

Nafasi iliyopatikana huonyeshwa kwa mstari mweusi. Mtumiaji huibofya, huunda sehemu mpya, huipa herufi isiyotumika kama vile D, huifomati kwa muundo wa NTFS na kuipa jina. Hapa umakini unahitajika, maana kufomati C badala ya nafasi mpya ni msiba.

Kazi haijaisha. Programu za kuandikia huendelea kuhifadhi faili katika C hadi zielekezwe kwingine. Kwa hiyo kabrasha la hati lihamishiwe D kupitia sifa zake, la sivyo D itabaki chumba kitupu.

Mipaka ya Kinga

Siku mfumo utakaposakinishwa upya, C pekee ndiyo ifutwe. Wengi hupoteza D kwa sababu fundi amechagua kufuta diski nzima. Herufi huenda zisionekane wakati wa usakinishaji. Hivyo sehemu itambuliwe kwa jina na ukubwa wake, na mwenye tarakilishi amweleze fundi mapema.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba nakala iliyowekwa katika D ni nakala ya akiba. C na D ni diski moja. Diski ikifa, ikiibwa au ikimwagikiwa chai, zote mbili hupotea pamoja. Vilevile virusi vinavyoshambulia faili huweza kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Nyumba ikiteketea, kizigeu hakiokoi chumba.

Hitimisho

Ugawaji wa diski kuu huikinga kazi ya mwanafunzi dhidi ya kuharibika kwa mfumo, wala si dhidi ya kuharibika kwa diski. Anayeandika tasnifu na aigawe diski yake ili kazi ya fundi isiguse kazi ya msomi. Lakini kila jioni anakili sura aliyoiandika kwenye diski nyingine, na diski hiyo isikae katika mkoba mmoja na tarakilishi.