Land Cruiser ya zamani: tuitengeneze juu ya muzigo, si juu ya sura



Kuko swali linarudi ku mikutano mingi: "Mujini kuko Land Cruiser ya zamani inauzishwa. Tukiinunua na kuitengeneza, haitatutolea mavuno?" Swali hili ni la maana. Mavuno ya musimu A yanaanguka mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mvua ingali inanyesha. Ku njia kama ile ya Bukavu kwenda Kamituga, kwa kupitia Walungu na Mwenga, kamio kubwa inaweza kulala ku matope siku nyingi, birayi zikaanza kuoza ndani ya magunia. Gari ndogo inayovuta kwa magurudumu yote manne mara nyingi inapita pale kamio imekwama.

Ndiyo, inawezekana. Lakini pesa ya koperative inapotea upesi ku gari ya zamani kama hatujui tunatafuta nini. Watu wengi wakisikia "kutengeneza gari ya safari ndefu", wanawaza parashoki kubwa ya chuma, taa nyingi juu, tanki ya pili, mashine ya umeme ya kujivuta. Vitu vile ni vizuri kwa mutalii ambaye muzigo wake ni kitanda na masufuria. Sisi tunabeba birayi, maharagi na kahawa. Kila kilo tunayoongeza ku gari, tunaiondoa ku muzigo wa mukulima.

Gari gani tunazungumzia

Land Cruiser za aina ya 70 zilianza kutoka mwaka 1984. Pikapu za zamani tunazokuta sana ni mbili. HJ75 iko na moteri 2H, silinda sita, karibu litre 4. HZJ75 ilikuja na moteri 1HZ ya litre 4,2 kuanzia mwaka 1990. Zote mbili zinakunywa mazuti, hazina kompyuta, na ziko na resori za lame mbele na nyuma. Fundi wa garaji mwenye funguo za kawaida anaweza kuzifungua mahali popote, na vipuri vyake havikosekani ku miji yetu. Ndiyo sababu tunazipendelea kuliko gari mpya zenye umeme mwingi.

Kuko tofauti moja ya kujua mbele ya kununua. Ku moteri 2H, distribusio inazungushwa na meno ya chuma. Ku 1HZ inazungushwa na mukanda, na mukanda ule unabadilishwa kila kilomita 100.000. Ukikatika, supapu zinagonga pistoni na moteri inaharibika. Ku gari ya zamani mara nyingi hesabu ya kilomita imekufa au imeguswa. Kwa hiyo ukinunua 1HZ, usimwamini muuzaji: badilisha mukanda ule ku wiki ya kwanza, na uandike tarehe na kilomita.

Hesabu ya kilo

Ku gari au ku vitabu vyake mumeandikwa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari na muzigo pamoja. Tuchukue mufano. Tuseme uzito wa juu ni kilo 3.000, na gari tupu, na mupira wake wa akiba, inapima kilo 1.900. Inabaki kilo 1.100.

Sasa tuitengeneze kama gari ya mutalii. Shofere na konvoyere: kilo 140. Parashoki ya chuma na mashine ya umeme ya kujivuta: 100. Kizimba cha chuma nyuma: 120. Tanki ya pili ikijaa: 95. Mupira wa pili wa akiba na janti yake: 35. Vyombo vya kazi, minyororo na kriki: 60. Maji: 20. Jumla ni kilo 570. Kwa muzigo inabaki kilo 530, ni kusema magunia tano ya kilo 100.

Tuitengeneze tena kama gari ya koperative. Shofere na konvoyere: 140. Tirfor ya mukono na pule yake: 35. Bido mbili za mazuti: 40. Mupira wa pili wa akiba: 35. Vyombo: 50. Mbao za pembeni na bashi: 80. Maji: 20. Jumla ni kilo 400. Inabaki kilo 700, magunia saba.

Tofauti ni kilo 170 kwa kila safari. Kwa safari nne ku mwezi, ni kilo 680. Hayo ni karibu magunia saba ambayo chuma kinachukua nafasi yake kila mwezi. Na tunajua wote kwamba gari hizi zinapita ku njia na magunia kumi na tano. Zinafika, siku moja, siku mbili. Siku ya tatu shasi inapasuka, na faida ya safari zote inabaki ku garaji.

Tuanze chini

Pesa ya kwanza iende ku vitu ambavyo havionekani ku picha.

*Shasi.* Ipanguseni, muiangalie mchana, hasa pale resori zimefungwa, nyuma ya kabini, na pale boksi ya usukani imefungwa. Ufa ni kama uzi, kutu inaufunika. Kipande cha chuma cha kuimarisha kikatwe pembe zake ziwe za kulala, mufano wa almasi. Kikikatwa sawa na mlango, nguvu yote inakusanyika ku musitari moja na shasi inapasuka tena palepale. Mbele ya kuanza sudure, mutoe waya za batri na za alternateri. Fundi anayekataa hilo, mutafute mwingine.

*Resori.* Kuongeza lame moja nyuma kunaweza kusaidia. Kuongeza nne kunafanya gari iwe ngumu kama jiwe: haiinami tena, kila shimo linapiga shasi na linachubua birayi. Lame ya kuongeza haiongezi uzito ulioandikwa ku vitabu. Ikiisha kufungwa, bolti zote zikazwe tena nyuma ya kilomita mia chache, juu lame mpya zinajikalia.

*Freni.* Gari iliyobeba inashuka mulima kwa moteri kwanza, kwa freni nyuma. Tuchukue vitesi ileile ambayo tungepandia. Mipira ya freni na mafuta yake vibadilishwe mbele ya rangi mupya.

*Mipira.* Saizi 7.50R16 inakaa vizuri ku gari hizi na inapatikana, maana kamio ndogo nyingi zinaitumia pia. Mipira yote ine iwe ya aina moja na ya kuchakaa sawasawa. Ukichanganya mupya na muzee, magurudumu hayazunguki sawa na vyuma vya ndani vinateseka.

Matope na maji

Gari hizi nyingi haziingii mu nguvu ya magurudumu mane zenyewe. Ku gurudumu la mbele kuko kifungo cha kuzungusha kwa mukono. Kifungwe mbele ya kuingia matope, kisha shofere atie kurabo. Kukifunga ukiisha kukwama mpaka ku magoti ni kazi ya bure. Na ukirudi ku goudroni au njia ngumu yenye kukauka, toa kurabo, juu inakaza vyuma na kuvivunja. Hata ku kiangazi, muitumie mara moja kwa mwezi ku njia ya udongo ili mafuta yazunguke.

Ku matope, kupunguza upepo wa mipira mpaka karibu bari 1,5 na kutembea polepole kunaipa gari unyayo mukubwa zaidi. Lakini pompi iwe ndani ya gari. Kurudisha mwendo na muzigo ku mipira yenye upepo kidogo kunaipasua kwa ndani.

Tirfor inavuta polepole, lakini haiombi batri wala moteri. Ukipitisha kamba ya chuma ku pule na kuirudisha ku gari, nguvu inakaribia kuwa mara mbili. Weka gunia au koti zito katikati ya kamba, na watoto wasimame mbali. Kamba ikikatika inapiga kama panga.

Juu ya maji: bomba la kuvutia hewa likipandishwa mpaka usawa wa kabini, linasaidia sana ku vumbi, na linaokoa moteri ku muto. Moteri ya mazuti ikimeza maji, biela zinapinda papo hapo. Vijibomba vya kupumua vya ponti pia virefushwe mpaka juu ya shasi. Nyuma ya kuvuka muto, fungua mafuta ya ponti. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia, na yabadilishwe mbele ya safari nyingine.

Mazuti: tutangulize, tusibebe yote

Mwaka 1924 na 1925, musafara wa Citroën ulioitwa Croisière Noire ulitoka Algeria, ukavuka Afrika na kupita Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Ulikuwa na gari nane zenye mikanda ya mpira nyuma. Gari zile hazikubeba mafuta ya safari nzima. Depo za mafuta na vyakula zilitangulizwa ku njia.

Sisi pia tunaweza. Koperative mbili zilizo ku njia moja ziwekeane mazuti, kila moja na pipa lake lililofungwa na daftari lake. Pipa lituliage siku moja mbele ya kutoa, mazuti ichukuliwe juu, ipitishwe ku kitambaa kisafi. Maji na uchafu vinabaki chini. Ku gari, filtre ifunguliwe chini kila wiki itoe maji yake. Pompi ya injeksio ni sehemu ya bei kali sana, na maji ndiyo adui yake wa kwanza.

Nyuma ya gari: hapa ndipo kazi ya mukulima

Mafundi wengi wanajua gari, lakini hawajui birayi. Tuwaambie sisi wenyewe.

Chini kuwe na mbao zenye kuachana vidole viwili, ili hewa ipite na maji yasilale. Mbao za pembeni ziwe za kutoka, na zisipite urefu wa kabini, juu muzigo mrefu unapindua gari ku mulima. Bashi isilale moja kwa moja juu ya magunia. Ifungwe ku miti au vyuma vyepesi vya kupinda, na nyuma ibaki nafasi ya hewa. Birayi zinapumua. Zikifunikwa kabisa ku jua zinatoka jasho, na kuoza kunaanza palepale.

Kahawa ya parche ni mambo mengine: inavuta harufu. Bido za mazuti zikae inje, nyuma ya kabini au pembeni, zisikae kamwe pamoja na kahawa. Dawa za shamba pia zisisafiri pamoja na chakula wala mbegu.

Watu juu ya magunia

Hapa tuseme wazi. Shofere anapakia watu juu kwa sababu ile pesa ya njia inamulipa mazuti na vizuizi. Mama muuzaji anapanda kwa sababu hana gari nyingine. Tunaelewa wote wawili. Lakini watu sita ni zaidi ya kilo 350, na uzito ule uko juu kabisa, mahali pabaya. Gari ikiinama ku pembe ya mulima, watu ndio wa kwanza kuanguka, na magunia yanawafwata.

Komite iamue mbele ya gari kuanza kazi: nafasi ya kabini iandikwe bei yake, na mama mwenye muzigo awe wa kwanza kuipata. Shofere alipwe mushahara unaotosha, wala asiachiwe ajitafutie juu ya magunia. Kama hesabu haitoki bila watu juu, basi bei ya kusafirisha gunia ni ndogo mno, na mukutano mukuu uizungumzie.

Gari ya nani?

Tumeona mahali ambapo gari ya koperative ilianza kuitwa gari ya prezida. Pale ilifika ku harusi zaidi kuliko ku soko. Daftari ya gari ikae na mutu asiye shofere wala prezida. Iandike kila safari: tarehe, kilomita, kilo, litre, pesa iliyoingia, kilichotengenezwa.

Kisha kuweko kisanduku cha gari. Kama mipira ine mnaihesabu kukaa mwaka, gawanyeni bei yake kwa safari za mwaka. Mufanye vile kwa mafuta ya moteri, filtre, freni, mukanda na mushahara. Jumla mugawanye kwa magunia saba, musigawanye kwa kumi na tano. Ile ndiyo bei ya kweli ya kubeba gunia moja. Mulinganishe na bei ya kamio na ya pikipiki ku njia yenu. Ikiwa chini, mununue. Ikiwa juu, mukodishe gari wakati wa mavuno tu, na pesa ya kununua iende ku gudulia nzuri ya kuhifadhi birayi mpaka njia ikauke.

Mbele ya kutoa dola hata moja, mutume watu watatu waone gari: fundi asiyemujua muuzaji, shofere, na mukulima mumoja mwenye kujua kuhesabu. Wailaze chini ya shasi, waiwashe ikiwa baridi asubuhi, waipandishe mulima na muzigo. Kisha warudi waeleze mbele ya wanamemba wote, kwa sababu gari ile itanunuliwa na magunia yao.